Pedi kali za polishi: namna ya kuchagua inayokata mikwaruzo bila kumaliza klia

Gari likitoka bandarini huwa linang'aa. Mwenyewe analiendesha wiki tatu, analiosha kwa vijana wenye ndoo moja na tambara moja kwa magari kumi, kisha Jumamosi moja saa kumi jioni analiegesha likielekea jua. Hapo ndipo anaona boneti nzima imejaa mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Simu inafuata: "Fundi, nataka unipigie polishi, ila tumia ile pedi kali."

Ile kali, yaani kile kipande cha manyoya au sponji kinachobandikwa kwenye mashine ya polishi. Kila mwenye gari jeusi anaitaka, na kila gereji ina moja imetundikwa msumarini, manyoya yamekauka kama ukoko. Ila ukali hauko kwenye pedi peke yake. Pedi ileile inaweza kuitendea haki Mercedes, halafu ikaiachia Subaru ukungu utakaokula siku nyingine nzima kuutoa. Na yule fundi mwoga anayesugua mlango mmoja saa mbili kwa sponji laini anaweza kuipasha rangi moto kuliko mwenzake aliyeshika pedi ya sufi, ile ya manyoya, akamaliza kwa dakika nne. Mimi natafuta pedi iliyo laini kuliko zote zinazoweza kuutoa mkwaruzo ulio mbele yangu. Kuipata kunataka kupima na kujaribu, na mpangilio wangu ni huu.

Hatua ya kwanza: jua unakata nini

Magari mengi ya sasa yana praima, juu yake rangi, na juu kabisa klia, lile tabaka la kioo lisilo na rangi. Klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70, kwa hiyo eneo lako lote la kazi ni jembamba kuliko unywele. Mkwaruzo hauzibwi. Unaondoka kwa kuishusha klia iliyouzunguka mpaka ilingane na kina chake, na ulichokishusha hakirudi. Kinga dhidi ya jua nayo iko zaidi sehemu ya juu ya klia, ndiyo maana gari lililopigwa polishi kali kila mwaka huanza kuchuja paa na boneti kabla ya rika lake.

Osha gari vizuri, pitisha udongo wa kusafishia rangi mpaka kiganja kiteleze bila kukwama, kausha, ndipo utazame. Usitazame kwenye kivuli. Tumia jua la jioni, au zima taa za banda uwashe tochi ya LED na kuisogeza taratibu. Utando wa buibui utauona kama duara zinazozunguka mwanga. Ukungu mweupe mweupe ni rangi iliyochuja. Vidoa vya mviringo ni chumvi ya maji, na kwa sisi wa Dar tunaooshea maji ya kisima hivyo ni vingi mno. Hivyo vya chumvi usivikimbilie na pedi. Jaribu kwanza siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika moja au mbili kwenye bodi iliyopoa, suuza. Kikitoka, umeokoa klia bure. Kikibaki kishimo, hapo ndipo polishi inaingia.

Mkwaruzo mmoja mmoja upitishie ukucha kwa kuukata. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo kwa kawaida ni wa kina kuliko unavyoweza kuuondoa salama. Unaweza kuulainisha kingo usionekane sana, lakini mwambie mwenye gari mapema. Na kama klia imeanza kubanduka magamba, kama ilivyo kwenye mapaa ya gari nyingi zinazolala juani, hakuna pedi ya kuitibu. Hiyo ni kazi ya fundi rangi.

Hatua ya pili: pima

Kipima rangi, kifaa kinachosoma unene wa rangi kwa mikroni, si anasa. Kile cha bei nafuu kinachosoma chuma tu kinatosha kuanzia, ingawa boneti za aluminiamu zinataka kinachosoma vyote viwili, na bampa za plastiki havizisomi. Gari la Kijapani ambalo halijaguswa mara nyingi linasoma mikroni 90 hadi 130. Kumbuka hiyo ni jumla ya praima, rangi na klia, si klia pekee. Chini ya 80 mimi sishiki pedi ya kukata, namaliza kwa laini na kumweleza mteja sababu. Juu ya 200, sehemu hiyo imeshapakwa upya, na rangi ya gereji inaweza kuwa laini sana au ngumu ajabu kulingana na nani alipaka na alichanganya nini.

Kama mwenye gari ana karatasi ya mnada wa Japani, iombe. Mchoro wa bodi una herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni iliyobadilishwa. Ukiona W kwenye fenda ya kushoto, pima hapo mara tano, si mara moja. Karatasi hiyo imeniokoa zaidi ya mara moja, na wenye magari wengi wanaitupa pamoja na makaratasi ya bandari.

Angalia pia namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibati chenye maandishi C/TR. Ukikuta 040, ile nyeupe ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba gari halina klia kabisa: rangi yenyewe ndiyo tabaka la juu. Pedi itageuka nyeupe kama umeikung'uta kwenye unga. Usishtuke, hujaharibu kitu, ila jua kwamba sasa unakata rangi moja kwa moja. Lakini kama gari ni jeusi lenye klia na pedi inageuka nyeusi, zima mashine. Umeshatoboa.

Hatua ya tatu: zijue familia tatu za pedi kali

Sufi ndiyo mkongwe. Nyuzi za manyoya ya kondoo zenyewe zinakata, hata kabla ya kompaundi, ile krimu ya kukatia. Hewa inapita katikati yake, hivyo haipashi rangi moto haraka kama sponji, na ndiyo inayofuta alama za msasa wa 1500 na 2000 kwa haraka kuliko zote. Gharama yake ni ukungu: inaacha mikwaruzo midogo ya nyuzi, na kwenye rotari (mashine inayozunguka tu bila kuyumba) inaacha hologramu, ile mikanda inayocheza ukitembea kandokando ya gari. Zipo za nyuzi zilizosokotwa, ambazo ni kali zaidi, na zipo fupi zilizobanwa au zilizochanganywa na sponji kwa chini, ambazo ni za upole kidogo na zinafanya kazi hata kwenye mashine ya DA, ile inayozunguka huku ikiyumba. Kwa anayeanza na sufi, chukua hiyo fupi. Ile ndefu yenye nyuzi za sentimita mbili na nusu inarusha kompaundi mpaka kwenye dari.

Maikrofaiba ndiyo pedi iliyobadilisha kazi yangu. Ni diski nyembamba ya sponji iliyovikwa nyuzi fupi fupi, imetengenezwa kwa ajili ya DA. Inakata karibu na sufi, lakini inaacha uso safi zaidi, kiasi kwamba gari la fedha au jeupe unaweza kulikabidhi bila hatua ya pili. Ubaya wake ni kwamba inajaa haraka. Nyuzi zikishalowa kompaundi na vumbi la klia zinalala, na pedi iliyolala haikati tena, inasugua tu na kupasha moto. Ukienda na moja tu kwa gari zima utasema maikrofaiba ni uongo. Mimi naingia na tano au sita.

Sponji ya kukata ndiyo inayosamehe. Ukali wake unatokana na ugumu wake na ukubwa wa matundu yake: ibonyeze kwa dole gumba, ikirudi haraka na kukukataa, ni ya kukata, ikizama kama mkate, ni ya kumalizia. Inafuata mikunjo ya bodi vizuri kuliko nyingine. Lakini sponji inashika joto, hasa katikati, na ikipata moto sana gundi ya velkro inaachia. Ndiyo maana nyingi zina tundu katikati. Sponji nyembamba inakata zaidi kuliko nene ya ugumu uleule kwa sababu mwendo wa mashine haupotei kwenye unene wa pedi.

Sasa, jambo linalowaangusha wengi dukani: rangi ya pedi haina sheria. Njano ya Rupes ni ya ulaini, hatua moja kabla ya nyeupe yao ya kumalizia kabisa. Njano ya Lake Country ni ya kukata kwa nguvu. Njano ya Meguiar's iko katikati. Fundi mmoja alinisimulia alivyoagiza "njano kama ile ya zamani" kwa simu, akaletewa ya kampuni nyingine, na alishangaa nusu siku kwa nini boneti imekuwa kama imepigwa msasa. Ya Rupes ya kukata ni ya bluu. Ya Meguiar's ya kukata ni ya damu ya mzee. Usinunue kwa rangi, soma kilichoandikwa mgongoni. Zile zisizo na jina zinazokuja seti ya rangi sita kwenye mfuko mmoja, zibonyeze moja moja kabla ya kulipa: mara nyingi utakuta ugumu wa zote ni mmoja.

Hatua ya nne: pedi iendane na mashine

Kwanza kabisa, grenda si mashine ya polishi. Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka: grenda ya kukatia vyuma, kipande cha sufi kimebanwa juu yake, kijana amekaza meno. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati sufi kwenye rotari naitumia kati ya 1,000 na 1,500. Hata pedi yenyewe haijatengenezwa kwa kasi hiyo.

Rotari inazunguka mhimili mmoja bila kukoma. Ukiibonyeza inaendelea kukata, ukiisahau sehemu moja inatoboa. Sufi ndefu na rotari ni ndoa kali kuliko zote, na ni ya mtu mwenye mkono uliozoea. DA inazunguka huku ikiyumba, na ukiikandamiza kupita kiasi inaacha kuzunguka, jambo linalokulinda. Urefu wa kuyumba ndio unaoamua pedi: mashine ya milimita 8 inapenda pedi nyembamba za inchi tano au tano na nusu. Ile ya 15 inabeba inchi tano na nusu au sita bila shida. Ya 21 inakata maeneo mapana haraka sana, lakini kwenye milango yenye mikunjo inahangaika.

Sahani ya kubandikia pedi iwe ndogo kidogo kuliko pedi, na tundu likae katikati kabisa. Pedi ikikaa upande mmoja mashine itatetemeka, mkono utakufa ganzi, na utailaumu mashine bure. Nachora mstari mmoja wa maka pembeni mwa sahani. Ninapofanya kazi nautazama huo mstari: ukionekana unazunguka, pedi inakata, ukisimama, nimebonyeza mno au nimelaza mashine upande.

Hatua ya tano: jaribio, yaani kazi yenyewe

Hapa usiwe na haraka. Chagua sehemu ya boneti iliyo bapa na yenye mikwaruzo ya kawaida ya gari hilo, ibandike utepe wa fundi rangi kuifanya mraba wa sentimita 50 kwa 50. Gari liwe kivulini na bodi iwe imepoa: jua la saa sita la Dar linakausha kompaundi kabla hujamaliza mizunguko miwili, na vumbi lake linakuwa msasa.

Anza na ya katikati: sponji ya kati na kompaundi ya kati. Pedi mpya ipake kompaundi kwa kidole mpaka uso wote ulowe kidogo, kisha weka matone manne ya ukubwa wa harage dogo. Sambaza kwa kasi ndogo, kisha panda mpaka namba 4 au 5 kwenye DA. Sogeza mkono polepole, kama sentimita mbili na nusu kwa sekunde, nenda kushoto na kulia huku kila mstari ukifunika nusu ya uliopita, kisha rudia juu na chini. Huo ni mpito mmoja. Piga minne mpaka sita. Futa, nyunyiza alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji ili mafuta ya kompaundi yaondoke, futa tena, leta tochi. Usiposafisha mafuta, mikwaruzo iliyojificha itarudi baada ya kuosha mara mbili, na mteja atarudi nayo.

Imetoka karibu yote? Umepata pedi yako, acha tamaa. Imebaki nusu? Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Acha kompaundi ileile, weka pedi kali zaidi: kutoka sponji ya kati kwenda sponji ya kukata, kisha maikrofaiba, kisha sufi fupi. Ikiwa pedi imeshafika sufi fupi na bado kuna mikwaruzo, ndipo panda kompaundi. Mpangilio huu unakufundisha rangi ya gari hilo. Subaru, Honda na Mazda nyingi zina klia laini, sponji ya kati inatosha na maikrofaiba inaacha ukungu. Mercedes, BMW na Audi nyingi zina klia ngumu, hapo sponji ya kati itakuchekea, ingia na maikrofaiba mapema. Toyota nyeusi ya 202 ni laini kiasi kwamba hata kitambaa kibaya kinaiacha alama.

Baada ya mraba wa majaribio, pima tena kwa kipima rangi. Ukiona umeshuka zaidi ya mikroni tatu au nne, hiyo pedi ni kali kuliko ilivyohitajika, au umekaa pale muda mrefu.

Hatua ya sita: kingo, plastiki na joto

Miaka ya mwanzo nilikuwa na Harrier nyeusi, rotari na sufi mpya. Boneti ya Harrier ina mstari ulioinuka unaoelekea kwenye taa. Nilipita juu yake kama nilivyopita kila mahali. Mzunguko wa tatu nikaona doa la kijivu, dogo kama ukucha wa kidole kidogo. Praima. Mwenye gari alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale anakunywa chai. Niligharamia boneti kupakwa upya, na yule mzee hakurudi tena, wala simlaumu.

Kwenye mstari, pembe na kingo klia huwa nyembamba, na pedi inaegemea pale kwa upana mdogo, hivyo nguvu yote inaishia sehemu moja. Ziba mistari iliyoinuka kwa utepe kabla ya kuwasha pedi ya kukata, kisha mwishoni ondoa utepe upitishe pedi laini mara moja au mbili. Nguzo za milango, chini ya vioo vya pembeni na kuzunguka vitasa tumia pedi ndogo ya inchi tatu.

Bampa ni plastiki, haipitishi joto kama chuma. Joto linabaki palepale juu. Kwenye bampa sishiki sufi na rotari, natumia sponji na DA kwa kasi ya chini. Kila baada ya mraba mmoja, weka mgongo wa kiganja. Ukishindwa kuuacha pale sekunde tatu, pumzisha.

Hatua ya saba: safisha pedi kila mraba

Hili wengi hulipuuza, wakati ndilo linalofanya pedi kali ibaki kali. Maikrofaiba ipulize kwa kompresa kila baada ya mraba mmoja, ukiwa umeigeuza mbali na gari. Huna kompresa? Brashi ya nailoni yenye nywele ngumu, mashine ikizunguka polepole, sekunde tano. Sufi ina gurudumu lake la meno, lakini bisibisi butu lisiloparuza linaweza kuifumua ukiwa makini. Sponji ikilowa kiasi cha kuchuruzika, ibadilishe, usiikamulie kwenye gari.

Ukimaliza kukata, tazama tena juani. Kwa gari jeusi, la bluu iliyokolea au jekundu, utahitaji mpito wa pili wa sponji laini na polishi nyepesi ili ukungu uondoke. Kwa jeupe na la fedha mara nyingi haionekani, na sioni sababu ya kumlipisha mtu hatua ambayo macho yake hayataiona.

Pedi zifue siku hiyohiyo kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali. Kompaundi ikilala usiku mmoja inakuwa saruji. Usitumie jiki wala kilainisha nguo. Zikamue kwa kuzibonyeza, si kuzisokota, kisha zianike kivulini, kwa sababu jua kali linalegeza gundi. Ile ambayo velkro imeshaanza kuachia pembeni haipandi tena kwenye mashine. Ikate vipande, ni mizuri kwa kusugulia rimu kwa mkono.